Bei ya Pili ya Vinywaji Vitamu

Kila kinywaji kitamu kinachouzwa katika maduka ya Chake Chake, Wete, Mkoani, Konde au Micheweni kina bei mbili. Bei ya kwanza hutajwa na muuzaji, na mnunuzi huilipa papo hapo. Bei ya pili hailipwi dukani. Huja baada ya miaka kumi au ishirini, katika kliniki ya kisukari, katika chumba cha kung'olea meno, katika wodi ya wenye vidonda visivyopona, na mara nyingi anayeilipa si yule aliyekunywa. Somo hili linahusu bei hiyo ya pili, kwa kuwa mtumiaji ana haki ya kujua gharama kamili ya kitu anachokinunua kabla ya kutoa pesa yake.

Matibabu ya bure hulipwa na nani?

Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitangaza kuwa matibabu ni haki ya kila mwananchi bila ya malipo. Neno "bure" katika lugha yetu lina maana mbili: kitu kisicholipiwa, na kitu kisicho na thamani. Matibabu ya hospitali za Serikali ni bure kwa maana ya kwanza tu. Mganga hulipwa mshahara, dawa hununuliwa, umeme wa jokofu la insulini hulipiwa kila mwezi. Pesa hizo hutoka katika kodi, ikiwamo ile tunayoilipa bila ya kuiona tunaponunua sabuni, mchele na mafuta ya taa. Mwaka 2023 Zanzibar ilianzisha kwa sheria Mfuko wa Huduma za Afya, ambao huchangiwa na waajiri na waajiriwa. Njia ya kukusanya fedha imeongezeka, lakini mlipaji ni yule yule: jamii nzima, mnywaji na asiyekunywa, mgonjwa na mzima.

Kwa hiyo mtu anaposema "mwili ni wangu na pesa ni yangu", nusu ya kauli yake ni kweli. Pesa ya dukani ni yake. Pesa ya hospitalini ni yetu sote, na haina chemchemi. Fungu linalotumika kumtibu mgonjwa wa kisukari aliyefikia hatua ya kukatwa mguu ni fungu lile lile ambalo lingenunua chanjo, vitanda vya wazazi na dawa za malaria.

Ndani ya chupa mna nini?

Soda za kawaida zina takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100, na baadhi zimezidi hapo. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni gramu 4 hivi. Chupa ya kioo ya mililita 350, basi, ina gramu 35, yaani karibu vijiko tisa. Chupa ya plastiki ya nusu lita ina gramu 50, yaani vijiko kumi na viwili na nusu. Hakuna mwenyeji wa Pemba, hata akipenda utamu namna gani, anayeweza kumwekea mgeni wake kikombe cha chai chenye vijiko kumi na viwili vya sukari bila ya kuulizwa kama ana akili timamu. Soda hutuwekea kiasi hicho bila ya kuulizwa, kwa sababu ubaridi, gesi na ukali wake hufunika utamu ulimi usiuhisi wote.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima wa wastani hiyo ni kama gramu 50. Shirika liliongeza kuwa nusu ya kiasi hicho, gramu 25, ni bora zaidi. Chupa moja ya nusu lita humaliza haki ya siku nzima, na bado hujanywa chai ya asubuhi, hujala kaimati wala kashata. Kikomo cha mtoto ni kidogo zaidi ya hapo, kwa kuwa mwili wake unahitaji nishati pungufu.

Anayekunywa chupa moja ya mililita 350 kila siku humeza kilo 12 na zaidi za sukari kwa mwaka kutokana na soda pekee.

Kwa nini sukari ya kunywa ina madhara kuliko ya kula? Mtu akila ndizi au kipande cha muhogo, tumbo hupata kazi ya kusaga, sukari huingia katika damu kidogo kidogo, na mlaji hushiba. Kinywaji hupita kwa kasi. Sukari hupanda ghafla, kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi kwa mara moja, na ini hubeba mzigo wa kuigeuza sukari iliyozidi kuwa mafuta. Wala mtu hapunguzi wali wake wa mchana kwa sababu amekunywa soda. Nishati ile huongezeka juu ya chakula cha kawaida. Hali hiyo ikiendelea kwa miaka, uzito hupanda, mwili hupoteza wepesi wa kuitika insulini, na kisukari cha aina ya pili huingia kimya kimya.

Uhusiano huu umepimwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa katika jarida la kitabibu la Uingereza mwaka 2015 ulionesha kuwa kila kipimo kimoja cha kinywaji kitamu kwa siku kiliambatana na ongezeko la asilimia 18 la hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili. Januari 2025, jarida la Nature Medicine lilichapisha makadirio ya nchi 184: katika mwaka 2020 pekee vinywaji vyenye sukari vilichangia wagonjwa wapya milioni 2.2 wa kisukari na milioni 1.2 wa maradhi ya moyo na mishipa ya damu duniani. Katika Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara, takriban mgonjwa mpya mmoja wa kisukari kati ya kila watano alihusishwa na vinywaji hivyo. Sehemu hiyo ni kubwa maradufu kuliko wastani wa dunia. Ni jambo la kusikitisha, kwani bara letu ndilo lenye hospitali chache na bajeti finyu.

Tuwe waadilifu: soda si chanzo pekee. Urithi wa familia, uzito, kukaa kitako muda mrefu, wali mwingi na mafuta mengi vina sehemu yake. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Tanzania Bara mwaka 2012 ulikuta kiasi cha asilimia 9 ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari, na hapana anayedai kuwa wote hao waliletwa na chupa. Lakini katika vyanzo vyote hivyo, kinywaji kitamu ndicho rahisi zaidi kukiacha. Urithi hatuuchagui. Wali ni chakula chetu. Soda haina lishe yoyote ambayo mwili utaikosa ukiikosa.

Safari ya gharama

Hebu tuchukue mfano wa kubuni, tuone gharama inavyokua. Mvuvi wa Kojani, mwenye miaka 45, amezoea vinywaji vya kuongeza nguvu anapotoka baharini na soda mbili mchana. Kwa miaka kadhaa kisukari kimemwingia bila ya yeye kujua. Hali hiyo ni ya kawaida. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari limekadiria kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima wenye maradhi haya barani Afrika hawajapimwa. Katika hatua hii gharama yake kwa umma ni ndogo mno: tone la damu, kipande kimoja cha kupimia na dakika tano za muuguzi katika kituo cha afya. Angepimwa leo, angeanza vidonge vya bei nafuu na kupewa ushauri wa chakula.

Hakupimwa. Anaanza kukojoa mara kwa mara usiku, anakonda, macho yanaingia ukungu. Jirani anamwambia ni uchovu. Anapofika hospitali ya Wete sukari imepanda sana na vidonge peke yake havitoshi. Sasa anahitaji insulini. Dawa hii lazima ihifadhiwe kwenye ubaridi tangu bandarini mpaka nyumbani, na nyumba yenye jokofu si kila nyumba. Anahitaji sindano, kipima sukari, vipande vya kupimia, vipimo vya figo na vya macho kila mwaka. Dawa ikikosekana katika dirisha la hospitali, familia hununua katika duka la dawa kwa bei ya soko. Kila siku ya kliniki ni siku asiyokwenda baharini.

Kisha kinakuja kidonda. Kisukari huua hisia za miguu, kwa hiyo mtu hukanyaga mwamba au mfupa wa samaki asihisi. Kidonda kinachopona kwa wiki moja kwa mtu mzima, kwake hukaa miezi. Analazwa. Kitanda chake ni kitanda ambacho mwingine amekikosa. Anasafishwa kila siku, anapewa dawa za kuua vijidudu, na ikishindikana mguu hukatwa. Mvuvi asiye na mguu hatarudi katika ngalawa. Mwanawe mkubwa huacha skuli akashike kasia. Gharama hii haimo katika daftari lolote la hospitali.

Mwisho wa njia hii kwa baadhi ya wagonjwa ni figo kushindwa kazi. Hapo damu husafishwa kwa mashine, mara mbili au tatu kwa wiki, saa nne hivi kila mara, kwa maisha yote au mpaka apatikane ndugu wa kumtolea figo. Mgonjwa wa Pemba anayepewa rufaa kwenda Mnazi Mmoja, Unguja, au Muhimbili, Dar es Salaam, huvuka bahari pamoja na mtu wa kumuuguza. Nauli, chakula, na pa kulala kwa jamaa ambaye naye ana watoto wake. Katika tiba zote za maradhi ya kudumu, kusafisha damu ni miongoni mwa zinazokula fedha nyingi kwa mgonjwa mmoja. Lile tone la damu la mwanzoni lingeizuia, au angalau lingeiahirisha kwa miaka mingi.

Meno tusiyasahau, ingawa watu huyaona ni jambo dogo. Vijidudu vya kinywani hugeuza sukari kuwa tindikali, na soda yenyewe ina tindikali yake. Mtoto anayekwenda skuli na chupa ya juisi na kuinyonya kidogo kidogo asubuhi nzima huyaogesha meno yake katika tindikali kwa saa tano.

"Wazee wetu walikunywa chai ya sukari"

Hoja hii husikika kila penye barza, nayo yastahili kujibiwa kwa heshima. Ni kweli wazee walikunywa chai tamu. Walikunywa vikombe vidogo, wakaenda konde kwa miguu, wakapanda mikarafuu, wakapalilia mpunga kwa jembe. Leo twenda kwa bodaboda au kwa gari ya abiria na twakaa dukani mchana kutwa, na juu ya chai ile ile tumeongeza soda, juisi ya pakiti, kinywaji cha nguvu na malai. Kazi imepungua na sukari imeongezeka.

Wengine hudhani maji ya matunda ya nyumbani hayamo katika habari hii. Ukwaju, mabungo, embe na limau ni neema, na tatizo lao ni kile kikombe cha sukari kinachomiminwa ndani ya jagi. Juisi ya miwa haihitaji kuongezwa kitu. Sukari yake hailegei mbele ya ile ya soda, na mara nyingi huizidi. Dafu ni jepesi zaidi, lakini mwenye maradhi ya figo amuulize daktari kwanza kwa sababu ya wingi wa potasiamu. Katika Ramadhani, futari nyingi huanza kwa tende na sharbati kali. Tende tatu na maji hutosha kufungulia. Sharbati ikipenda kuwepo, na iwe glasi moja iliyopunguzwa sukari, isiwe jagi.

Nchi nyingine zimefanyaje?

Serikali kadhaa zimeamua kuirudisha bei ya pili dukani kwa njia ya ushuru. Mexico ilianza Januari 2014 kwa peso moja kwa kila lita, na katika mwaka wa kwanza ununuzi wa vinywaji vilivyotozwa ulishuka kwa wastani wa asilimia 6. Afrika Kusini, tangu Aprili 2018, hutoza kwa kila gramu ya sukari iliyozidi gramu 4 katika mililita 100. Uingereza ilianza mwezi huo huo kwa viwango viwili, na viwanda vingi vilipunguza sukari hata kabla ya sheria kuanza kutumika.

Mfano ulio karibu nasi kwa damu na kwa safari ni Oman, ambako Wapemba wengi wana jamaa. Tangu Juni 2019 Oman hutoza asilimia 50 juu ya soda na asilimia 100 juu ya vinywaji vya kuongeza nguvu, na mwaka 2020 vinywaji vingine vyenye sukari vikaingizwa katika asilimia 50. Ajabu ni kwamba jamaa anayerejea likizo kutoka Maskati, ambako huihesabu soda kuwa kitu cha ghali, huja akatununulia katoni nzima ya kutukarimu.

Nchini Tanzania ushuru wa bidhaa kwa vinywaji baridi umezoeleka kutozwa kwa lita. Mtindo huu hauangalii sukari: kinywaji chenye gramu 4 na chenye gramu 12 hulipa sawa, na kiwanda hakipati sababu ya kupunguza. Kwa maoni ya waandishi wa kijitabu hiki, mfumo wa Afrika Kusini una mantiki zaidi, kwa sababu hutoza kile chenye madhara na kuyaacha maji. Uamuzi huo ni wa watunga sheria. Mtumiaji hana haja ya kuusubiri.

Kusoma lebo

Lebo nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Geuza chupa, tafuta jedwali dogo, kisha tafuta neno "sugars". Angalia juu ya safu: je, tarakimu ni ya mililita 100 au ya chupa nzima? Hapa ndipo wengi hupotea. Ikiwa ni ya mililita 100 na chupa ni ya mililita 500, zidisha kwa tano. Gawa jibu kwa nne, utapata idadi ya vijiko vya chai.

Orodha ya viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi hutangulia. Sukari ikiwa ya pili baada ya maji, umejua unachonunua. Tahadhari na majina yake mengine: glukosi, fruktosi, sukrosi, na shira za kila namna zote ni sukari. Picha ya embe si ushahidi wa embe. Nekta ni maji ya matunda yaliyochanganywa na maji na aghalabu sukari, na kinywaji "chenye ladha ya" tunda huenda hakina tunda kabisa. Ukikuta bidhaa isiyo na lebo, lebo iliyofutwa, au tarehe iliyopita, usinunue. Toa taarifa kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, Taasisi ya Viwango Zanzibar au Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Hifadhi chupa na risiti, ndivyo vielelezo vyako.

Kuna wakati mmoja ambapo soda ni dawa. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge anaweza kushukiwa na sukari: hutetemeka, hutoka jasho jembamba, huchanganyikiwa. Ikiwa ana fahamu na anaweza kumeza, mpe haraka nusu glasi ya soda yenye sukari au maji yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari, kisha apate chakula na apelekwe kituo cha afya. Ikiwa amezimia usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Wapo wanaonunua soda kwa kuogopa maji machafu. Hofu hiyo ina msingi, hasa nyakati za mvua na maradhi ya kuharisha, na jibu lake ni maji yaliyochemshwa na kufunikwa, yakapozwa kwenye mtungi. Kwa anayeona maji matupu ni makavu, kipande cha limau, mchaichai au tangawizi hutosha kuyapa ladha.

Zoezi la nyumbani

Kwa wiki moja, andika katika daftari kila kinywaji kitamu kilichonunuliwa na kila mtu nyumbani, ukubwa wa chupa, na bei yake. Siku ya saba mkae pamoja na watoto. Hesabuni vijiko vya sukari kwa njia iliyoelezwa hapo juu, na mvipime kwa sukari halisi katika bakuli ili kila mmoja aone. Jumlisheni pesa, mzidishe kwa 52. Kisha mlinganishe jumla hiyo na ada, daftari na sare za mwaka za mtoto mmoja. Aliye na miaka 40 na zaidi katika nyumba hiyo, au aliye na mzazi mwenye kisukari, aende kupima sukari katika kituo cha afya kilicho karibu kabla ya wiki ya pili kwisha.